KALAMU IMEONDOLEWA KWA MTOTO, HAIJAONDOLEWA KWA MWALIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, na nyinyi majirani zetu wa dini nyingine mnaofuatilia darsa hizi, somo la leo ni refu kidogo. Kama huna nafasi sasa, lihifadhi ulisome baada ya Isha. Ila lisome, hasa ukiwa mwalimu wa madrasa, mjumbe wa kamati ya msikiti, au mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu.

Hivi karibuni niliipelekea kamati yetu ombi dogo. Niliomba nauli ya ustadhi mmoja na ustadhati mmoja, mara moja kwa wiki, waende kusomesha kipindi cha dini katika shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kule wapo viziwi, wapo wasioona, wapo wenye ulemavu wa akili, wapo wenye usonji, na wengi wao wanalala bwenini. Mzee mmoja tunayemheshimu akasema, tena kwa nia njema kabisa: "Sheikh, wale si kalamu imeondolewa? Kwa nini nguvu hiyo tusiipeleke kwa watoto wenye akili zao?"

Baadhi ya wajumbe wakatikisa kichwa kukubali. Nikatambua kuwa hilo si swali la mzee yule peke yake. Ni fikra iliyoenea misikitini kwetu, na inawanyima watoto haki yao kwa kutumia jina la dini. Kwa hiyo nalijibu hapa, kwa utulivu, kwa dalili.

KALAMU IMEONDOLEWA KWA NANI?

Hadithi hiyo ni maarufu na sahihi. Mtume (s.a.w.) ametaja watu watatu ambao haiandikwi dhambi juu yao: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepoteza akili mpaka akili imrudie.

Sasa tuihesabu vizuri orodha hiyo. Kiziwi hayumo. Asiyeona hayumo. Mwenye miguu isiyotembea hayumo. Mwenye ualbino hayumo. Sisi ndio tuliowaingiza, kwa sababu tukimuona mtoto hatamki tunadhani hafahamu. Vitabu vya fiqhi ya Kishafi tunavyosomesha madrasani vinaposhurutisha uzima wa hisi, vinamtoa kwenye wajibu yule aliyezaliwa hasikii na haoni, vyote viwili kwa pamoja. Akiwa na kimojawapo tu, macho au masikio, basi upo mlango wa ujumbe kumfikia. Kiziwi mwenye akili timamu akibaleghe, sala ni wajibu wake kama ilivyo wajibu wako. Akifika umri huo hajui hata rakaa za Alfajiri ni ngapi, nani wa kuulizwa kwanza? Yeye, au sisi tuliokuwa na ujumbe na tusiufikishe?

Nenda kwa wa pili katika orodha, mtoto mdogo. Kalamu imeondolewa kwake, hakuna anayebishana. Lakini Mtume huyohuyo (s.a.w.) ametuagiza tuwaamrishe watoto sala wakiwa na miaka 7. Miaka 7! Hajabaleghe, hakuna dhambi inayoandikwa, na bado mzazi na mwalimu wameamrishwa kumfundisha. Hapo ndipo jibu lilipo. Kuondolewa kalamu kunahusu hesabu ya mtoto kwa Mola wake. Hakuhusu kazi ya mwalimu.

Kama ni hivyo kwa mtoto wa miaka 7, kwa nini isiwe hivyo kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili? Akili haiko namna mbili tu, ya kuwaka na ya kuzima. Ni kama utambi wa kandili. Kuna unaowaka sana, kuna unaowaka kidogo, na kuna unaohitaji kukingwa na upepo. Yupo mtoto ambaye hatajua nguzo tano kwa majina yake lakini anajua kusema Bismillahi kabla ya kula, na akiisahau mwenzake anamkumbusha. Je, hicho si elimu? Je, Allah hakijui?

Basi ndugu zangu, tuliweke hili vichwani: kuondolewa kalamu ni rehema kwa mtoto, si likizo ya mwalimu. Kalamu ya mwalimu bado inaandika.

MTUME (S.A.W.) ALIWAFANYIA NINI?

Nitataja visa vinne, vyote mnavijua. Nataka tuviangalie kwa jicho la mwalimu.

Cha kwanza ni Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba asiyeona. Sote tumesoma Suratu Abasa, na namna Allah (s.w.) alivyomzindua Mtume wake kwa sababu ya mtu huyu aliyekuja akitaka kufundishwa, wakati Mtume akishughulika na wakubwa wa Makureshi. Aya zile zinasomwa mpaka Kiyama. Fundisho lake kwetu liko wazi: anayekuja akitaka kujua hasubirishwi kwa sababu ya mwenye cheo.

Lakini wengi tunaishia hapo, na kisa kinaendelea. Abdullah alifanywa muadhini. Bilal (r.a.) aliadhini usiku kabla ya alfajiri, na Abdullah akiadhini alfajiri yenyewe ilipoingia. Asiyeona atajuaje kuwa alfajiri imeingia? Riwaya inatueleza kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Hawakumnyima kazi kwa sababu haoni. Walimwachia kazi, wakamuongezea jicho la mtu mwingine. Na Mtume (s.a.w.) alipotoka safari alimwacha awasalishe watu wa Madina. Leo tunaita jambo hili elimu jumuishi na tunaliandikia mikakati. Madina walikuwa wakilitekeleza kila alfajiri.

Cha pili ni mwanamke aliyekuwa na tatizo katika akili yake. Alimjia Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume hakusema "mpelekeni kwa jamaa zake". Alimwambia achague njia yoyote anayotaka, na akaenda naye mpaka haja yake ikaisha. Angalia nani aliyechagua njia. Mwenye akili kamilifu kuliko viumbe wote alikwenda kwa mwendo wa yule mwenye akili pungufu. Mwalimu anayelalamika kuwa watoto wa kitengo "wanamchelewesha", akisome tena kisa hiki.

Cha tatu ni yule mtu aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hawezi kushika chochote katika Qur'ani, akaomba afundishwe kitakachomtosha. Akafundishwa maneno mafupi ya kumsabihi Allah, kumhimidi, kumpwekesha na kumtukuza. Hakuchapwa. Hakuambiwa arudi atakapoweza. Hakurudishwa mtupu. Alikatiwa somo kwa kipimo chake, na lile fupi likahesabiwa.

Cha nne ni mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, akaja kuomba dua. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke nguo anapoanguka, na akaombewa. Hakuambiwa kuwa ana dhambi. Hakuambiwa kuwa mama yake alikosea. Sitara yake ilichukuliwa kuwa jambo zito la kuombewa dua. Hebu fikiri kuhusu watoto wetu wanaoanguka kifafa darasani, na wenzao wanaowazunguka wakicheka.

HALI ILIVYO KWETU

Sasa tuseme ukweli, hata kama unachoma.

Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na walioianzisha ni Wakatoliki. Watoto wengi wa Kiislamu wa nchi hii walipata kusoma na kuandika kwa sababu kuna watu wa dini nyingine walioona kuwa mtoto asiyeona anastahili shule. Tunawashukuru. Asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Kazi yetu si kuwaonea wivu. Kazi yetu ni kujiuliza tulikuwa wapi na tuko wapi.

Sheria ya nchi haituzuii, inatusaidia. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu katika dini yake. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Shule zina kipindi cha dini kwenye ratiba, na walimu wakuu wengi wanafurahi wakimpata mwalimu wa dini anayefika kwa wakati.

Lakini nenda siku ya kipindi ukaangalie. Katika shule niliyoitaja, Wakristo wanaye mwalimu anayefika kila wiki, na amejifunza lugha ya alama mpaka watoto wakimuona langoni wanamkimbilia. Watoto wa Kiislamu wakati huo wanatolewa nje wakae chini ya mwembe. Hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewaonea. Mwalimu wao tu ndiye hayupo. Muda ukiisha wanarudi darasani. Mwaka mzima wa dini yao umekuwa kivuli cha mwembe.

Na tukija, tunakuja Ramadhani. Tunakuja na tende, mchele, sukari na kamera.

Tusijidanganye kwamba hatuna walimu. Tunao vijana waliohitimu vyuo vya dini wamekaa barazani. Tatizo ni kwamba mtoto wa kitengo hatauletea msikiti kikombe. Hatapanda jukwaani kwenye mashindano ya kuhifadhi juzuu 10. Picha yake haitatundikwa kwenye bango la mahafali ya madrasa. Tumezoea kupima madrasa kwa wale wanaong'ara, na yule anayehitaji miezi mitatu kuijua aya moja ya Alfatiha hana nafasi katika kipimo hicho. Lakini aya ile moja, kwa Mwenye kuipokea, nani kakwambia ni ndogo?

SOMO LIKATWE KWA KIPIMO CHA MTOTO

Fundi cherehani hamkati mteja mkono ili uenee kanzu. Anakata kitambaa. Walimu wenzangu, hizi ni nasaha za kazi, nyingi nimezipata kwa walimu wa elimu maalumu, ambao katika jambo hili wao ni walimu wetu.

*Kwa mtoto kiziwi.* Usisimame umeupa mgongo dirisha, maana uso wako unakuwa giza na yeye anasoma uso. Usizungumze huku unaandika ubaoni. Jifunze lugha ya alama, walau ya salamu na ya ibada, kwa viziwi wenyewe na kwa walimu wao. Usijitungie alama zako kila wiki. Maneno kama malaika, nia, akhera na rehema hayashikiki kwa mkono, kwa hiyo kubalianeni na mwalimu wa darasa ni alama gani itatumika, na ibaki hiyohiyo. Sala kwa bahati nzuri inaonekana: kusimama, kurukuu, kusujudu. Mpange mahali anapomuona imamu au mwenzake wa safu ya mbele. Asiyeweza kutamka halazimishwi kutamka, wala asikaripiwe kwa sauti inayomtoka.

Binti mmoja kiziwi, wa darasa la tano, aliwahi kuniuliza kwa mikono yake kupitia mwalimu wao: "Allah anajua lugha ya alama?" Usicheke. Jiulize swali hili limetoka wapi. Limetoka kwa miaka ya kuambiwa kuwa Allah anasikia dua, naye hajawahi kutoa sauti. Mtoto huyo alikuwa amekaa na shaka kwamba dua zake hazijawahi kupokewa hata moja. Nikamjibu kuwa Allah anajua kabla mkono haujanyanyuka, na kwamba Yeye ndiye aliyeumba mikono na akaifundisha kusema. Aliporudi kukaa aliwageukia wenzake akawaeleza jibu lile, mikono ikapokezana darasa zima. Je, kamati zetu zingekubali swali lile libaki bila jibu kwa sababu ya nauli?

*Kwa mtoto asiyeona.* Masikio yake ni mlango mpana, na kuhifadhi kwa kusikia ndiyo asili ya elimu yetu. Lakini usimwachie kusikia peke yake. Msahafu wa nukta nundu upo, na ni majalada kadhaa mazito. Zingatieni kuwa nukta nundu ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na maandishi ya wino, kwa hiyo usimkatalie mtoto ukadhani amegeuza. Anapojifunza rukuu, maneno "inama kidogo" hayamtoshi. Mwache aguse mgongo wa mwenzake wa jinsia yake ajue umenyooka vipi. Mpe kitu cha kushika: tasbihi, mswala, kisanduku chenye umbo la Al-Kaaba.

*Kwa mwenye ulemavu wa akili.* Jambo moja kwa siku, na lirudiwe. Udhu wa kwanza ufanyeni bombani kwa maji ya kweli, si kwa kuuimba darasani. Tumia picha za hatua kwa hatua, kwa mpangilio uleule kila mara. Msifu anapopatia. Tunalotaka kumpa kwanza ni kujua kwamba ana Mola anayempenda, na kwamba msikitini ni kwake pia.

*Kwa mwenye usonji.* Yale makelele yetu mazuri ya madrasa, watoto 50 wanasoma kwa sauti moja, kwake yanaweza kuwa mateso. Akiziba masikio hajaidharau Qur'ani. Mpe pembe yenye utulivu, mwambie mapema kama ratiba itabadilika, na usimshike ghafla kumrekebisha.

*Kwa mwenye ulemavu wa viungo.* Mfundishe kuwa sala ya kukaa kwa asiyeweza kusimama ni sala kamili, si sala ya msaada. Kiungo cha udhu kilichokatika, kilichobaki ndicho kinachooshwa. Aijue hukumu yake mapema, asiishi na wasiwasi.

*Kwa mwenye ualbino.* Wengi wana uoni hafifu, kwa hiyo akae mbele na aandikiwe herufi kubwa. Usimuanike juani kwenye kisomo cha Maulidi au uwanjani siku ya Idi ukamwambia avumilie. Ngozi yake ni amana, na kuilinda ni ibada.

DARASA LENYE DINI ZAIDI YA MOJA

Hapa najua wengine watashtuka. Lakini shule hizi ni za watoto wote. Juma na Yohana wanalala kitanda cha juu na cha chini. Asiyeona wa Kiislamu anaongozwa njia na kiziwi wa Kikristo, mmoja ni macho na mwingine ni masikio. Je, mwalimu wa dini aje awagawe watu ambao Allah amewafanya wategemeane?

Msimamo wangu ni huu.

Kila mtoto afundishwe dini ya nyumbani kwao, na mtu wa dini hiyo. Ibada za Waislamu kwa Waislamu, ibada za Wakristo kwa Wakristo. Hakuna mtoto wa kuingizwa katika ibada isiyo yake kwa sababu tu hana pa kukaa kipindi hicho. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoikataa ikifanywa kwa watoto wetu, na siwezi kuikataa kwetu nikaihalalisha kwa wenzetu.

Yale tunayoshirikiana, kama usafi, ukweli, kuwahurumia wadogo, kuheshimu wazazi na kutochekana, shule ikiamua yafundishwe pamoja, yafundishwe. Hakuna dini iliyopungua kwa watoto kuambiwa pamoja kwamba kumcheka mwenye kigugumizi ni haramu.

Dini haijulikani kwa jina. Usimvute mtoto kwenye mstari wako kwa sababu anaitwa Ramadhani, wala usimtoe kwa sababu anaitwa Joseph. Ulizia kwa mzazi au mlezi kupitia mwalimu mkuu. Na yule aliyetupwa, asiyejulikana wazazi wake, ana mlango wake katika fiqhi na ana ofisi yake serikalini, kwa maofisa ustawi wa jamii. Si jambo la kuamuliwa na ustadhi kwenye benchi la darasa.

Wapo watakaoniambia: "Sheikh, unatuzuia da'wa." Sikuzuii da'wa. Nenda kaifanye kwa watu wazima wenye akili zao, wanaoweza kukuuliza, kukupinga na kuondoka. Mtoto wa bweni hawezi kuondoka. Hawezi kumpigia mama yake simu amuulize. Anakula kwa mkono wa watu, na mwenye biskuti ndiye rafiki yake. Kumgeuza dini mtoto wa namna hiyo kwa biskuti si ushindi wa dini yoyote. Mola wetu ametukataza kulazimishana katika dini katika Suratul Baqara, aya ya 256. Kumshika mtu mwenye njaa au upweke mpaka akubali ni kulazimisha, hata kama umetabasamu.

Kwa sababu hiyo nasema pia kuhusu sadaka. Ukipeleka nyama ya Idi bwenini, gawa kwa vitanda vyote. Usiseme "Waislamu tu wanyooshe mikono". Abdullah bin Amri (r.a.) alipochinja mbuzi nyumbani kwake alihimiza apelekewe jirani yao Myahudi, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akiusia sana kuhusu jirani. Na katika Suratul Insan wanasifiwa wanaowalisha maskini, yatima na mateka. Mateka wa wakati ule alikuwa nani kama si mtu wa dini nyingine, tena adui aliyekuja na upanga? Basi itakuwaje kwa mtoto wa miaka 9 asiye na upanga, asiye na macho?

YASIYORUHUSIWA KABISA

Kwanza, usimwambie mtoto kuwa ulemavu wake ni laana, ni adhabu, ni majini au ni dhambi ya mama yake. Nchi yetu inajua maneno ya namna hii yanaishia wapi. Tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa kwa sababu kuna watu walioaminishwa kuwa wao si watu kama wengine. Watoto wakalazimika kukimbilia vituo kama Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao, ili wapone. Mwenye mimbari akitamka neno "laana" juu ya mtoto, anampa mwenye panga hoja.

Pili, usiahidi muujiza. Mhubiri mmoja, wa kwetu si wa kwao, aliwaambia watoto viziwi kuwa wakizidisha sala watasikia. Wapo waliosali, wakasubiri, hawakusikia. Wakabaki na mawili ya kuamini: ama Allah hawataki, ama wao ni wabaya. Dua ya afya ni sunna. Kumbebesha mtoto lawama ya kutopona ni dhuluma.

Tatu, usimwachishe mtoto dawa. Kisomo cha Qur'ani na dawa ya kifafa havigombani. Anayesema vinagombana hajui vyote viwili.

Nne, fimbo. Mtoto asiyesikia amri hachapwi kwa kutoitii amri.

Tano, usimsomeshe mtoto faraghani mlango ukiwa umefungwa. Darasa liwe wazi na mwalimu wa shule awepo. Mtoto asiyeweza kusema au asiyeweza kutambua sura ndiye anayewindwa na waovu, na kanzu haimtakasi mtu. Atakayechukia sharti hili, asiende.

Sita, picha. Sadaka inaharibiwa na masimango na kujionesha, na hilo limeelezwa wazi katika Suratul Baqara. Uso wa mtoto mwenye ulemavu anayepokea ndoo ya plastiki si tangazo la taasisi yako. Atakua. Ataiona picha ile. Piga picha magunia, yatosha.

TUNALOLITAKA

Sikuandika haya ili tusikitike kisha tupite. Naomba mambo manne, na kila msikiti unayaweza.

1. Kamati iulize ni shule gani ya karibu yenye kitengo cha mahitaji maalumu, na imuendee mwalimu mkuu kwa adabu kumuuliza kipindi cha dini ni siku gani.

2. Uteue ustadhi mmoja na ustadhati mmoja, wapewe nauli kila wiki, mwaka mzima. Afadhali mmoja anayefika kila wiki kuliko kumi wanaokuja na basi mara moja kwa mwaka. Watoto hawa wanahesabu siku.

3. Walimu hao kabla ya kufundisha wakae darasani wiki chache wajifunze kwa walimu wa elimu maalumu. Asiye tayari kuwa mwanafunzi kwanza, hafai kuwa mwalimu pale.

4. Msikiti wenyewe ufunguke. Ngazi ziwekewe njia ya baiskeli ya magurudumu matatu na kiti cha magurudumu. Khutba ya Ijumaa ipate mkalimani wa alama walau mara moja kwa mwezi. Mtoto akitoa sauti ndani ya sala, tusigeuke na macho makali kumwangalia mama yake. Tunamfundisha sala shuleni, kisha akija msikitini tumfukuze?

Na nyinyi wazazi mliowaficha watoto ndani kwa kuona haya, toeni watoto. Mtoto si aibu. Aibu ni mlango uliofungwa kwa nje.

Ee Allah, wewe uliyemzindua Mtume wako kwa ajili ya mtu mmoja asiyeona, tuzindue na sisi. Wape watoto hawa elimu yenye manufaa na walimu wenye subira. Wape wazazi wao nguvu na riziki ya halali. Walipe kheri walimu wote wanaowahudumia, wa dini yetu na wa dini nyingine, na utuongoze sote. Usitufanye miongoni mwa watakaoulizwa juu ya watoto waliokaa chini ya mti wakisubiri. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Ukiona lina manufaa, mfikishie mjumbe mmoja wa kamati ya msikiti wako. Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu, nitajibu inshaAllah baada ya darsa la Magharibi.